Fremu

Duka langu liko nyuma ya soko la Mwembe Tayari,
mlango wa tatu baada ya muuza vipuri vya baiskeli.
Natia vyeti kwenye fremu.
Mbao ya mvule, au plastiki ya rangi ya dhahabu,
bei ni kwa futi. Chuo siulizi.

Lakini macho hayana pazia, nasoma.
Zamani kazi ilikuwa picha za harusi na Ayatul Kursiyu;
siku hizi ni shahada za uzamili za biashara, moja baada ya nyingine.
Nimeijua mihuri yao.
Huu wa ng'ambo umetuna,
ukiupitishia kidole unausikia kama kovu.
Huu wa madarasa ya Jumamosi, Ganjoni, ghorofani juu ya duka la dawa,
umekwenda kombo kidogo, na wino umevuja.

Wa ng'ambo hunambia, "Tia yoyote tu, fundi."
Wa Ganjoni hutaka pana, yenye nakshi.

Mbeyu Kombe alinikuta nafunga.
Akafungua bahasha
kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala.
Miaka mitatu, akasema, Jumamosi zote,
hesabu za gharama huku mtoto ananyonya,
na mwalimu kashuka treni ya usiku, anasinzia akiandika ubaoni.
Akataka fremu imzidi Imtiyazi inchi mbili kila upande.
Imtiyazi namjua. Alikuwa mkuu wake,
kampuni ya kutoa mizigo, kule Shimanzi.
Yake niliitia mimi. Yoyote tu.

Nilipokwenda kuitundika
nikakuta alama nyeupe ukutani,
pale ambapo vumbi na jua havikufika miaka sita.
Imtiyazi kapandishwa, yuko Nairobi, na cheti chake kaenda nacho.
Nikapima, nikapiga msumari.
Fremu ya Mbeyu ikaufunika weupe wote, ikazidi.
"Hongera, mkuu."
Akacheka. "Kaimu," akasema.
Kweli, mlangoni, karatasi kwa selotepu: KAIMU MENEJA,
na selotepu yenyewe imeshakuwa ya manjano.
Tangu ashike yeye, hakuna kontena lililolala bandarini siku ya kulipiwa faini,
na kule juu bado wanaulizana,
"Hicho chuo hasa kiko wapi?"

Imtiyazi alikuja kumzika nyanya yake.
Matangani nikamsogelea:
huko mlifunzwa nini ambacho huku hakifunzwi?
Akafikiri. Ni muungwana, hakunidanganya.
"Vitabu ni vile vile, Bwana Shee.
Ila niliyekaa naye dawati moja
leo ana benki mkononi. Nikimpigia, anapokea."

Nikarudi dukani. Palikuwa na cheti cha mtu juu ya meza.
Nikakigeuza, nikatazama mgongoni,
kana kwamba nitakuta nambari ya simu.

Juzi binti yangu, Mwanakheri, kaniletea fomu mbili.
Moja ya mbali: ada yake ni duka hili pamoja na kiwanja cha Mtwapa.
Moja ya Ganjoni, hulipwa kwa mafungu.
"Baba, kuna tofauti?"

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tulivyolelewa.
Lakini nimeona wanaotazama pete kwanza,
kidole wakakiuliza baadaye, wakikumbuka.
Nimwambie hilo? Na nikimwambia, nitauza kiwanja?
Na nikinyamaza, je, akaja kuwa kaimu mpaka nywele zimeota mvi?

Nikachukua futi kamba, kwa mazoea tu,
nikapima fomu zote mbili.
Upana ule ule, urefu ule ule.
Mwanakheri akanitazama kama nimerukwa na akili.
"Ziache hapa," nikamwambia.

Asubuhi, kabla ya kukata kioo cha kwanza,
nikampigia Mbeyu Kombe.
Simu haikuita mara mbili.
Akapokea.